Bushi za kubadilisha namba ya risasi: je, zitapunguza teke la bunduki ya baba?

Swali

Habari fundi. Ninafanya kazi hapa Nairobi, lakini tuna shamba la mbuzi na kuku upande wa Isinya. Marehemu baba aliacha bunduki ya marisau ya namba 12, ya kukunja (inavunjwa katikati kutia risasi), mitutu miwili ubavu kwa ubavu, imepigwa chapa ya Birmingham. Nilifuata taratibu zote na sasa cheti ni changu. Shida yangu ni teke, ule mrudio wa bunduki begani. Nikipiga risasi tano uwanja wa shabaha, bega linavimba. Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp kuna bwana anauza vyuma vya kuingiza ndani ya mtutu: kimoja cha risasi za namba 20, kingine cha .410, na cha tatu cha risasi za bastola za milimita 9. Anasema vinapunguza teke, risasi ndogo ni nafuu, na havihitaji leseni kwa kuwa ni "vyuma tu". Mwingine kasema hata mafundi chuma wa jua kali wa Kamukunji wanaweza kunichongea. Je, ni salama?

Jibu

Pole kwa bega, dada yangu, na pole tena kwa kufiwa na mzee. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kutuma pesa.

Kwa ufupi: chuma cha namba 20, kikiwa kimetengenezwa vizuri, chenyewe hakiwezi kuipasua bunduki yako, lakini kitaleta nyumbani kwako kitu kinachoweza kuipasua. Cha .410 kina hatari ndogo na faida ndogo. Cha milimita 9 usikiguse. Na teke, ambalo ndilo lililokuleta kwangu, halitokani na namba ya risasi hata kidogo. Huyo bwana anakuuzia dawa ya ugonjwa usiokuwa nao.

Sasa nieleze.

Chuma hicho ni mkono mfupi wenye umbo la risasi ya namba 12 kwa nje, na kwa ndani umechimbwa ukatosha risasi ndogo. Unaupachika kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, kama unavyopachika risasi, halafu risasi ndogo inaingia ndani yake. Mimi nakiita bushi, maana kinafanya kazi ya bushi ya gari: kuziba nafasi kati ya kikubwa na kidogo. Ziko pia ndefu, zinazoshuka mtutu mzima hadi karibu na mdomo. Wapiga visahani wa Marekani, wanaolenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, wamezitumia miaka mingi. Mashindano yao ya skeet yana zamu ya namba 12, ya 20, ya 28 na ya .410, na badala ya kubeba bunduki nne mtu anabeba moja na mirija yake. Wajerumani na Waaustria nao wana desturi yao ya kutia mtutu mwembamba wa raifali ndani ya mtutu wa marisau. Kwa hiyo usidhani kitu hiki kimezuliwa na watu wa WhatsApp. Ila mrija uliopimwa na fundi, ukakwanguliwa hadi ukakaa sawasawa ndani ya bunduki moja inayojulikana, na kipande cha urefu wa kidole anachouziwa yeyote mwenye bunduki yoyote, hivyo ni vitu viwili tofauti.

Hizi namba nazo huwachanganya watu, na kuchanganyikiwa huko ndiko kunakoua. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe mafungu 12 sawasawa, kila fungu ulifinyange liwe tufe. Tufe moja, la gramu 38 hivi, linajaa kamili mtutu wa namba 12, ambao upana wake ni milimita 18.5. Ukiigawa ratili mafungu 20, matufe yanakuwa madogo, na mtutu wake ni milimita 15.6. Ndiyo maana namba ikipanda, mtutu unapungua. Hiyo .410 haimo katika hesabu hii. Ni upana wa mtutu kwa inchi, sawa na milimita 10.4.

Tuanze na bushi ya namba 20, kwa sababu ndiyo inayoonekana haina makosa, na ndiyo inayoniogopesha nikifikiria mtu ambaye ana mawazo ya kazi, foleni ya Mombasa Road, na mbuzi waliotoroka.

Kwa upande wa nguvu ya baruti hapana tatizo kubwa. Kipimo cha Ulaya kinairuhusu risasi ya kawaida ya namba 12 ifikishe presha ya bari 740 ndani ya chemba, na ya namba 20 ifikishe 830. Ili uzione namba hizi vizuri, tairi la gari dogo lina bari mbili na kitu. Tofauti ya 740 na 830 inabebwa na bushi yenyewe, ambayo kuta zake ni chuma kigumu kilichozungukwa na chuma kingine. Risasi ikishatoka kwenye bushi inakuta mtutu mpana kuliko ilivyozoea, gesi inavuja pembeni, presha inaanguka. Hapo bunduki haipasuki.

Lakini ili uitumie bushi hiyo lazima ununue risasi za namba 20. Na siku utakapozileta zikalala kabati moja na zile za namba 12, umeleta nyoka.

Tazama vipimo. Chemba ya bunduki yako ina upana wa zaidi kidogo ya milimita 20. Risasi ya namba 20 ina ukingo wa shaba kwenye kitako, wenye upana wa milimita 19.4. Mtutu, mbele ya chemba, ni 18.5. Ukiidondosha risasi ya namba 20 ndani ya bunduki ya namba 12 bila bushi, haizuiwi mlangoni kwa sababu ukingo wake ni mdogo kuliko chemba. Inateleza hadi kwenye koo, pale chemba inapokutana na mtutu, na hapo ukingo unakwama. Ukikunja bunduki na kuchungulia, chemba ni tupu. Unasema, loo, nilisahau kutia risasi. Unatia ya namba 12, nayo inaingia vizuri kabisa kwa sababu ile nyingine imeshatangulia mbele. Unafunga. Unafyatua. Marisau yanagonga risasi nzima iliyoziba njia, gesi haina pa kwenda, na mtutu unafunguka kama ua, karibu na pale mkono wako wa kushoto uliposhika.

Nchini Marekani ajali hii imekata vidole vya watu wengi kiasi kwamba viwanda vilikubaliana risasi za namba 20 ziwe na ganda la manjano, ili jicho likatae kabla mkono haujakosea. Ni wazo zuri. Lakini za zamani zipo za rangi nyingine, viwanda visivyofuata mapatano hayo vipo, na kuna saa sita ya usiku ambapo kila kitu kina rangi moja.

Niliwahi kuiona kwa macho yangu, kwenye uwanja mmoja nje ya jiji. Jamaa, mtu makini, mhasibu wa kazi, alikuwa na bushi ya namba 20 kwenye mtutu wa kulia tu. Mtutu wa kushoto alitumia namba 12 kama kawaida. Alikuwa na mifuko miwili kwenye koti, kila namba na mfuko wake. Mvua ikaanza kunyunya, akavua koti akalivaa tena. Sijui alilivaaje, lakini zamu iliyofuata alifyatua mtutu wa kushoto, ukalia ta! na kimya. Akakunja, akaona chemba ya kushoto tupu, akacheka, mkono ukarudi mfukoni. Nilipiga kelele ambazo sikujua ninazo. Tulipochungulia mtutu kwa mwanga tuliona duara dogo la shaba, limetulia kooni kama jicho. Ilibidi kulisukuma kwa kijiti cha mbao kutoka mbele, polepole, watu wote wakiwa wamehamishwa. Yule bwana aliziuza bushi zake wiki hiyohiyo. Kumbuka hakuwa mzembe. Alikuwa ameweka mpango mzuri, na mpango ukashindwa na mvua.

Kwa hiyo nikiulizwa kama bushi ya namba 20 ni salama, namuuliza mwenye swali kama anaweza kuhakikisha kwamba hadi mwisho wa maisha yake risasi za namba mbili hazitakutana mfuko mmoja, meza moja, gari moja. Mwenye bunduki mbili za namba mbili ana shida hiyohiyo, ndiyo, lakini yeye angalau ana sababu ya kuibeba.

Nikisema hivi kuna atakayebaki na shauku, basi nimpe ninayoyajua. Bushi ni za bunduki ya kukunja peke yake. Kwenye pampu (ile inayovutwa kwa mkono wa mbele) na nusu otomatiki bunduki yenyewe huvuta na kurusha maganda, na mtambo huo unaweza kuivuta bushi nusu njia, ikafyatuliwa haijakaa. Weka bushi mitutu yote miwili au usiweke kabisa. Nusu kwa nusu ndiyo iliyomponza mhasibu. Risasi za namba 12 zisiwepo hata kwenye gari siku hiyo. Ukifyatua ikalia ta bila mlio, elekeza mtutu panapostahili, hesabu hadi 60, kisha ukunje na uchungulie mtutu mzima, si chemba tu. Bunduki ya kukunja yenye kirusha maganda itairusha bushi nzima nyuma, na chuma cha uzito huo kikikupata usoni utakumbuka. Na jioni uitoe, maana unyevu ukikaa kati ya chuma na chuma huzaa kutu, na bushi iliyogandia chemba hutolewa kwa nyundo na majuto.

Za .410 sitazikawiza. Risasi yake ni nyembamba kiasi kwamba hakuna mtu mwenye macho atakayeidhania ya namba 12, kwa hiyo ile ajali ya koo haina nafasi kubwa. Presha yake ni ya juu kidogo lakini ganda ni dogo, bunduki haihisi kitu. Ubaya ni kwamba haifanyi kazi. Inabeba gramu 14 hivi za marisau kwa ile fupi. Yanatoka kwenye bushi yakiwa yamebanwa ndani ya milimita 10, yanakuta bomba la 18.5, kizibo kinachoyasukuma kinalegea, gesi inayapita, yanatawanyika ovyo. Ngedere aliye hatua 25 atakutazama tu. Kwa kumfundisha mtoto mkubwa namna ya kushika bunduki bila kuogopa mlio, sawa. Kwa shamba, hapana.

Ya milimita 9 ndiyo inayotangazwa kwa mbwembwe, na kuhusu hiyo watu huogopa jambo lisilostahili kuogopwa na kuliacha linalostahili. Utasikia: risasi ya bastola ina presha kubwa, itavunja bawaba ya bunduki. Presha ni kubwa kweli, bari 2,350 kwa kipimo cha Ulaya, zaidi ya mara tatu ya namba 12. Lakini bawaba na kufuli hazipigwi na presha. Zinapigwa na presha mara eneo la kitako cha ganda. Kitako cha namba 12 ni kipana, kwa hiyo bari 740 zinasukuma nyuma kwa zaidi ya tani mbili. Cha milimita 9 ni chembamba, na pamoja na presha yake yote kinasukuma kwa tani moja na nusu hivi. Bawaba ya Birmingham itavumilia. Risasi za raifali ni habari nyingine: ukubwa wa .308 una bari zaidi ya 4,000 kwenye kitako kipana, msukumo unapita ule ambao bunduki ya marisau ilijengewa, na anayekuuzia bushi ya raifali ya kutia kwenye bunduki ya marisau ya zamani anakutafutia matanga.

Linalostahili kuogopwa kwenye hiyo ya milimita 9 liko kwenye fataki, ile sahani ndogo inayogongwa na pini. Fataki ya risasi ya marisau ina upana wa zaidi ya milimita 6, na pini ya bunduki yako, pamoja na tundu inamopita, vilichongwa kwa ajili yake: butu, nene, tundu lenye nafasi. Fataki ya milimita 9 ina upana wa milimita 4.4. Pini nene inaigonga, presha mara tatu inaisukuma irudi nyuma, na kwa kuwa tundu lina nafasi, bati la fataki linajaa humo. Likitoboka, gesi ya moto inarudi kupitia tundu la pini kuelekea kwenye jicho lililo nyuma ya kufuli, jicho unalolengea. Kwenye bastola tundu na pini vimebanana kwa makusudi. Kwenye bunduki ya baba yako havikubanana kwa sababu hakuna aliyewaza siku hii.

Kisha ukingo wa bushi. Ukiwa mnene kuliko ukingo wa risasi ya namba 12, bunduki haifungi, na mwenye nayo huibana kwa goti. Ukiwa mwembamba, bushi inacheza, ganda linabaki bila egemeo nyuma, na ganda la shaba lisilo na egemeo hupasuka. Bunduki mbili za kiwanda kimoja hutofautiana hapa. Ndiyo sababu ya kumhitaji fundi mwenye vipimo.

Na hata kama hayo yote yangekuwa sawa, dada, fikiria Isinya ya leo. Marisau madogo ya namba saba na nusu (hapa namba ni ya ukubwa wa chembe, si wa mtutu) huanguka yenyewe kabla ya mita 200. Hiyo ndiyo fadhila ya bunduki ya marisau, na ndiyo maana mfugaji anaweza kuitumia karibu na majirani. Risasi ya milimita 9 inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu. Bushi fupi inaipa mifereji ya kuizungusha yenye urefu wa vidole vichache tu, halafu inaipeleka ndani ya bomba pana lisiloigusa, na kilengeo cha bunduki yako ni ushanga mmoja wa shaba mdomoni. Zamani kule palikuwa mbuga tupu hadi macho yachoke. Sasa kila ekari imekatwa ploti, na nyuma ya kila kichaka kuna bati jipya na nguo za watoto kwenye kamba.

Kuhusu leseni, huyo bwana anakudanganya au anajidanganya. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haiishii kwenye bunduki nzima. Inahesabu na sehemu zake. Cheti chako kinataja silaha uliyoruhusiwa pamoja na risasi unazoweza kununua na kuweka. Kama kinasema namba 12, basi boksi la namba 20 ndani ya nyumba ni risasi usizoidhinishiwa, na boksi la milimita 9 ni kosa ambalo hutaki kulieleza kituoni. Kuagiza kitu cha namna hii kutoka nje kunataka kibali chake, na kuuza silaha na risasi ni biashara ya waliosajiliwa, si ya kikundi cha WhatsApp. Mwenye nia ya kweli huiandikia Bodi ya Leseni za Silaha kabla ya kununua, akaeleza kifaa ni kipi na cha bunduki ipi, akangoja jibu la maandishi. Neno la mdomo la ofisa aliyekuwa na haraka halitakusaidia.

Na Kamukunji, kwa heshima zote. Wale mafundi nawavulia kofia. Sanduku la bati nililopeleka shule ya bweni lilitoka pale na bado linafunga. Lakini chuma cha kubeba bari 800 karibu na uso wa mtu kina jina, kina cheti cha kiwanda, na kimepitia moto kwa utaratibu unaojulikana. Chuma cha pale ni ekseli ya lori iliyokuwa Mlolongo jana. Hakuna anayejua ina nini ndani, na ufa usioonekana hauna adabu. Zaidi ya hayo, ukimwomba fundi wa jua kali akuchongee sehemu ya silaha umemtia yeye jela pamoja nawe.

Sasa tuje kwenye bega, maana hilo ndilo swali lako hasa.

Teke la bunduki linatokana na mambo matatu: uzito wa marisau yanayotoka, mwendo wake, na uzito wa bunduki. Namba ya risasi haimo. Risasi ya namba 20 yenye gramu 28 ikipigwa ndani ya bunduki yako kwa bushi, na risasi ya namba 12 yenye gramu 28 kwa mwendo uleule, bega lako halitajua tofauti, isipokuwa ule uzito mdogo bushi ilioongeza. Swali la kwanza ningekuuliza ni: unapiga gramu ngapi? Angalia ubavuni mwa boksi. Nina hakika kama ya kesho kwamba unapiga gramu 36, zile ambazo muuzaji humpa kila anayesema "ya shamba". Hizo ni nzito. Wapiga visahani wa Olimpiki, watu wanaopiga mamia kwa wiki, wanatumia gramu 24, na sheria ya mchezo wao haiwaruhusu kuzidisha. Ukishuka kutoka 36 hadi 24, kwa bunduki ileile na mwendo uleule, teke linashuka karibu nusu. Nusu! Bila bushi, bila barua kwa Bodi, bila rangi ya manjano kabatini. Kwa nyani na mwewe, mlio ni uleule.

Ila kabla ya kununua hata hizo nyepesi, kuna kazi. Hakikisha bunduki haina risasi, kunja, tenganisha mitutu, igeuze uitazame chini, karibu na chemba. Birmingham wana nyumba ya kupimia bunduki tangu 1813, na kila mtutu uliopita pale una mihuri. Tafuta taji lenye herufi BNP chini yake; hiyo inamaanisha mtutu ulijaribiwa kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi, kwa utaratibu ulioanza 1954. Bunduki za kabla ya hapo zina mihuri mingine, na hizo nataka fundi azione kabla hujapiga tena. Pembeni tafuta urefu wa chemba: 2½ au 2¾, kwa inchi. Bunduki nyingi za Kiingereza za zamani ni 2½, yaani milimita 65, na risasi nyingi zinazouzwa leo ni za milimita 70. Urefu huo hupimwa ganda likiwa limeshafunguka. Ile ya 70 inaingia vizuri kwenye chemba ya 65 ikiwa imefungwa, lakini ikifyatuliwa mdomo wake hauna nafasi ya kufunguka wote, unabaki umebana kooni, na presha inapanda. Teke nalo linapanda. Sitashangaa kama nusu ya uvimbe wako umetoka hapo. Risasi za milimita 65 zenye gramu 24 zipo. Mwagize muuzaji mwenye leseni kwa urefu na kwa gramu, usimwambie tu "namba 12". Huenda pia ukakuta maneno "3 TONS". Hiyo ni presha ya kazi kwa vipimo vya Kiingereza vya zamani, nayo inakwambia bunduki hii si ya risasi nzito kamwe.

Ukiona mtutu una michirizi ya mawimbi kama mbao iliyopigwa randa, usiifyatue. Huo ni mtutu wa kusukwa kwa vyuma viwili, mzuri wa ukutani, na bushi za aina yoyote zisikaribie.

Risasi alizoacha mzee kwenye mkebe, zile za ganda la karatasi kama zipo, usizimalize "kwa kuwa ni za bure". Zipeleke kituo ulikosajili bunduki, uzikabidhi na uandikiwe.

La mwisho ni kitako, nami hapa ndipo ningetumia pesa ambazo ungempa yule bwana. Nadhani baba yako alikuwa mrefu kuliko wewe. Bunduki zile zilipimwa kwa mtu mrefu mwenye mikono mirefu. Kitako kikiwa kirefu mno kwako, hukipachiki kwenye shimo la bega. Unakishikilia nje kidogo, juu ya mfupa wa mkono, kichwa kimenyooshwa mbele kukifuata. Teke likija halina pa kulala, linagonga mfupa na shavu. Jipime: kunja kiwiko hadi mkono ufanye pembe, kitako kikae kwenye kunjo la kiwiko, kidole kielekee kifyatulio. Kama hakifiki vizuri, fundi mwenye leseni atakata sentimita mbili au tatu na kuweka mto wa mpira mwisho wake. Ni kazi ya mchana mmoja. Mwambie akate kwa msumeno mwembamba, mkato mmoja ulionyooka, na kile kipande cha mbao asikitupe. Kifunge kwa kitambaa ukihifadhi. Ukiwa na mtoto wa kiume aliyechukua urefu wa babu yake, naye siku moja akaomba cheti chake, kipande hicho kitarudishwa kwa skrubu mbili na bunduki itarudi kwenye kipimo cha mzee.